Aliyekunywa Kwanza

Kwa Dominika hakuna mteja aliyewahi kutia mrija kinywani kabla ya Dominika mwenyewe. Hata mtu awe na kiu namna gani, hata awe mwenyekiti wa mtaa, alisubiri. Mama yule mfupi, mwenye sweta la mwanawe juu ya kanga, alimimina maji ya moto juu ya ulezi uliochacha, akakoroga, akavuta mara moja, akameza. Kisha akafuta midomo kwa kiganja na kusema, "Karibuni."

Desturi hiyo aliikuta kwao Milepa, bondeni, akiwa mtoto. Mama yake alimwambia hivi: anayekupa kinywaji bila kuonja, mrudishie chombo chake. Hakumweleza sababu, wala Dominika hakuuliza. Ufipa nzima inaijua. Watu husalimiana kwa kupiga magoti, husaidiana kuvuna, hukaa benchi moja kanisani, lakini kikombe kikishatoka mkono mmoja kwenda mwingine, kila mtu hutaka kujua mkono ule umetia nini.

Alipoolewa na Vitus, fundi baiskeli wa Milanzi, alipanda huku juu akadhani baridi itamuua mwaka wa kwanza. Haikumuua. Ilimlisha. Mwezi wa saba upepo unapokata masikio, wafyatua matofali na waendesha bodaboda wanatafuta kitu cha moto, na kitu hicho ni kimpumu, pombe ya ulezi inayomiminiwa maji ya moto na kuvutwa kwa mrija. Dominika aliipika vizuri kuliko wengi. Kimea chake hakikuota ukungu, na hakuwahi kuongeza kitu ili pombe iume haraka. Kwa pombe hiyo alimsomesha binti yake Sharon mpaka akamaliza chuo, na kwa pombe hiyo nyumba yao ilipata bati. Watu walimwita Mama Sharon, na wakitaka kumsifu walisema: kwa Mama Sharon unakunywa ukalala usingizi.

Shida yake ilikuwa vyombo. Mitungi ya udongo ilipasuka mmoja baada ya mwingine, na bibi aliyemfinyangia alikuwa amezeeka, mikono haikandi tena. Mwaka huu Dominika alibakiwa na mtungi mkubwa mmoja tu, na mavuno ya ulezi yalikuwa mazuri, na maombi ya pombe za harusi na kipaimara yalikuwa yanamiminika. Ndiyo sababu siku ya mnada alikwenda kutafuta pipa.

Aliyekuwa akiuza mapipa ni kijana mchangamfu aliyesimama juu ya pikapu. Mapipa yake yalikuwa ya plastiki, ya buluu, yameoshwa mpaka yanang'aa, na mifuniko yake inafunga kwa ukanda wa chuma. Aliwasalimu wanawake kwa Kifipa kizuri, si cha kuokota njiani, wakacheka na kusogea.

"Yalikuwa na nini haya?" Dominika aliuliza.

"Mafuta ya kula, mama. Yametoka kiwandani moja kwa moja."

Dominika aliinama. Ubavuni mwa pipa palikuwa na mahali palipokwanguliwa, mraba mkubwa kama ukurasa wa kalenda, bado pana gundi inayonata. Akapakwaruza kwa ukucha.

"Na hapa palibandikwa nini?"

"Bei ya zamani. Nimeitoa nisiwatishe." Watu wakacheka tena. Kijana akaona kwamba Dominika hacheki. Basi akachukua ndoo ya maji, akayamimina ndani ya pipa lile lile, akalitikisa, akachota kwa kikombe, akakinyanyua juu watu wote wakione. "Mama zangu, mimi ni mtoto wa hapa hapa. Najua mila. Nani anakunywa kwanza?" Akanywa mpaka chini, akageuza kikombe, tone halikudondoka.

Wanawake walipiga vigelegele. Bibi Agnesi, jirani wa Dominika, mwanamke mzee asiyejua kunong'ona, alimsukuma kwa kiwiko.

"Amekunywa, wewe. Unataka nini tena? Afe ndipo uamini?"

"Shikamoo bibi, naangalia tu hii gundi."

"Marahaba. Gundi hailewi. Mimi nachukua langu la maji."

Dominika naye akachukua. Alipoomba risiti, kijana alimtazama kwa huruma, kama mtu aliyeombwa cheti cha ubatizo. "Risiti ya nini, mama? Mimi nipo hapa kila mnada." Jina lake hakulisema, na hakuna aliyemuuliza. Amekunywa kwanza. Mtu aliyekunywa kwanza haulizwi jina lake.

Nyumbani Dominika alilisugua pipa kwa majivu na mchanga, akalisuuza kwa maji ya moto. Harufu ilikuwapo kidogo, kisha akaizoea, au ikaisha, hakuweza kutofautisha. Akapika. Uji wa ulezi ulipoiva akaugawa: nusu kwenye mtungi wake wa zamani, nusu kwenye pipa, ukiwa bado una moto. Akafunika vyote viwili na kuuacha uchache.

Jumamosi uwanja ulijaa. Walikuwapo wafyatua matofali na Clemens, kiongozi wao, mteja wake tangu Sharon anatambaa. Walikuwapo pia wanakwaya kadhaa wa kiume waliotoka mazoezini. Asubuhi hiyo Hilaria naye alikuwa amepita. Huyu alikuwa mpika pombe mwenzake wa mtaa wa chini, mama mkimya kutoka Muze, bondeni, asiye na mume. Alikuja kuazima kung'uto la kuchujia, akasimama kidogo karibu na pipa jipya, akalisifu, akaenda zake.

Dominika alimimina maji ya moto, akakoroga, akavuta. Ulimi ulimwasha kidogo. Akasema moyoni, ni upya wa plastiki. Akafuta midomo.

"Karibuni."

Wanakwaya walipewa ya mtungi, maana walitangulia. Clemens na wenzake walipewa ya pipa. Kabla jua halijateremka, Clemens alisimama kwenda msalani akaanguka njiani. Mate yalimtoka kama mtoto anayeota meno, jasho likamlowesha kwenye baridi ile, na misuli ya mikono ikawa inaruka yenyewe chini ya ngozi. Wenzake wawili wakaanza kutapika. Vitus aliacha spana, akasimamisha bajaji, wakawapeleka hospitali. Dominika mwenyewe kichwa kilimgonga mpaka asubuhi, ila hakumwambia mtu.

Wale wawili waliruhusiwa. Clemens alibaki wodini, na habari ikatangulia kutoka kabla yake. Ametiwa kitu.

Siku iliyofuata, baada ya misa, watu walikusanyika uwanjani kwa Dominika, naye akatoka nje akiwa tayari kutukanwa. Hakutukanwa. Walimpa pole.

"Wewe hatukushuku, Mama Sharon," alisema kaka yake Clemens. "Tulikuona. Ulikunywa kwanza."

"Hata mke wangu angetaka kuua," Vitus akadakia, "angeanza na mimi ninayekunywa bure." Wachache walicheka, naye Dominika akawasogezea mabenchi. Mila ya mama yake ilikuwa imemkinga kama bati linavyokinga mvua.

Lakini mvua lazima ianguke mahali. Kama si Dominika, basi nani? Swali lilizunguka mabenchi, likatua. Nani aliingia hapa asubuhi? Nani alisimama karibu na pipa? Nani anapika pombe isiyopata wateja? Hakuna aliyeanza kulitaja jina, kisha kila mtu akawa amelitaja. Hilaria. Ametoka bonde kule, hana mume, hasemi na watu. Kwao hivyo vyote vikawa ushahidi.

Dominika alikuwa amesimama pale pale, mikono ndani ya sweta. Alijua Hilaria hakugusa kitu. Alimwona kwa macho yake akichukua kung'uto na kuondoka. Angeweza kusema. Sentensi moja tu ingetosha. Akajiambia kwamba hana hakika, kwamba mtu hawezi kuona kila kitu, kwamba akimtetea Hilaria watauliza: basi ni nani? Akaingia jikoni kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Jumatatu kuku wake walikufa. Walikuwa wamedonoa machicha ya pombe aliyoyamwaga nyuma ya jiko, yale ya pipa. Machicha ya mtungi alikuwa amempa jirani kwa ajili ya nguruwe, na nguruwe yule alikuwa mzima, analia njaa. Dominika aliinama juu ya kuku wale. Akawafikiria wanakwaya: wote wazima, Jumapili waliimba. Akawafikiria wenzake Clemens. Mtungi, pipa. Mtungi, pipa.

Akalisukuma pipa juani, akalifunga mfuniko, akaenda kuchambua maharage. Mchana jua likiwa kali alirudi, akafungua ukanda wa chuma, akainama. Harufu ilimpanda puani moja kwa moja. Aliijua. Aliijua kutoka kwenye mashamba ya mahindi, mwaka wa viwavi jeshi, wanaume walipopita na mabomba mgongoni na kuwafukuza watoto wasikaribie. Baridi na majivu vilikuwa vimeificha. Jua liliitoa.

Alimwonyesha Vitus. Vitus alinusa, akarudi nyuma.

"Lichome," alisema. "Yaishe."

"Na Mama Evans?" Hilaria aliitwa hivyo, kwa mwanawe Evans aliye Mbeya.

"Watamsahau."

"Leo vijana wamemrushia mawe dirishani, Baba Sharon. Mchana kweupe."

"Mke wangu, nisikilize. Sasa hivi wewe huna kosa. Ukisema ni pipa, umesema ni wewe. Nani alilinunua? Nani alipika humo? Clemens akifa je?" Alionyesha paa la bati. "Hii nyumba imesimama juu ya jina lako. Juu ya baiskeli zangu haisimami."

Alikuwa hasemi uongo, na hilo ndilo lililomchoma. Dominika aliviringisha kanga kichwani, akafunika pipa, akaenda ofisi ya kata kwa bwana afya. Aliitwa Loth, mwanaume mwembamba anayevaa koti la mvua hata kiangazi. Alikuwa ameshapata taarifa kutoka hospitali, na alikuwa anajiandaa kuja.

"Umelichoma?" ndilo lilikuwa swali lake la kwanza.

"Hapana."

"Umeliosha tena?"

"Hapana, baba."

"Mungu akubariki. Watu wote huchoma, kisha huniletea majivu." Alifuatana naye nyumbani, akavaa glavu, akanusa kwa mbali, akatazama pale palipokwanguliwa. "Mama, hapa hapakuwa na bei. Chombo cha dawa ya shambani hubandikwa alama ya sumu na maneno kwamba kisitumike tena. Mtu hakwangui maneno hayo kwa bahati mbaya."

"Lakini alikunywa maji humo. Tuliona wote."

"Alikunywa maji ya baridi yaliyopita tu. Plastiki hunyonya dawa ikakaa nayo ndani, kama mbao ukiimwagia mafuta ya taa. Utaisugua nje, ndani imo. Wewe ukaweka uji wa moto, ukakaa siku kadhaa ukichacha, ukazidi kuivuta itoke. Clemens akanywa kile kilichotoka." Alivua glavu polepole. "Nitalichukua hili pipa lipelekwe lipimwe. Ila majibu hayaji kesho. Walinunua wangapi?"

Dominika aliwaona tena wanawake wale wakipiga vigelegele. "Wengi. Bibi Agnesi analo la maji ya kunywa."

"Basi watu lazima waambiwe leo. Mimi nikisema, watasema serikali inataka kuwanyang'anya vyombo. Aliyepika humo akisema, watasikia." Akamtazama, kisha akatazama pembeni, kama mtu anayejua anaomba nini. "Sikulazimishi, mama."

Mkutano ulifanyika mbele ya nyumba ya mwenyekiti, jua likiwa bado juu. Walikuja wengi, maana walidhani Hilaria atatajwa rasmi. Dominika alisimama. Hakuwa msemaji wa mikutano. Alianza kwa kuwasalimu wazee, kisha maneno yakatoka yote kwa pamoja.

"Sumu haikutoka kwa Mama Evans. Ilikuwa kwenye pipa langu. Nililinunua mimi, nikaliona limekwanguliwa, nikanyamaza kwa sababu mtu amekunywa. Mama Evans alikuja kuazima kung'uto akaondoka. Nilimwona. Jumapili mlipomtaja nilikuwa nimesimama pale uwanjani kwangu, nikanyamaza tena."

Kelele zikazuka.

"Lakini na wewe ulikunywa!" mtu alipaza sauti nyuma.

"Nilivuta mara moja. Clemens alikunywa mchana mzima. Nikionja nawaonyesha moyo wangu hauna ubaya. Pipa nalo mtaliuliza moyo gani?"

"Mimi nakunywa maji ya langu tangu siku ile," alisema Bibi Agnesi, na kila mtu akamsikia, maana hata mtaa wa pili wangemsikia. "Nimekufa? Niguse. Nimekufa?"

"Bibi, shikamoo," Loth alisema.

"Usinishikamoo, nijibu."

"Hujafa, bibi. Unaumwa kichwa?"

Mkono wa Bibi Agnesi ulipanda kwenye paji la uso. Watu walimgeukia. "Kichwa nimeumwa tangu nizaliwe," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo isiyokuwa yake.

"Lifunge liwekwe juani mchana, kisha ulinuse," Loth alisema. "Hata kama hunusi kitu, usilitumie, maana hujui lilibeba nini na aliyekuuzia humjui. Siku nyingine usimuulize muuzaji kama chombo ni safi. Hakuna atakayekwambia ni kichafu. Mwambie akuonyeshe maandishi yake yakiwa mazima. Yamekwanguliwa, mwachie. Muulize jina lake na duka lake liko wapi, akuandikie risiti. Akikasirika, basi amekujibu."

Jioni ile Bibi Agnesi alilivingirisha pipa lake barabarani mpaka ofisi ya kata, akilitukana kila lilipogonga jiwe, akimtukana na kijana wa mnada, na mama yake kijana, na gundi. Yalipatikana mengine machache. Mwanamke mmoja alikuwa amelikata lake la kulishia nguruwe, akakataa kulitoa. Mwingine alikiri, baada ya kubembelezwa, kwamba amekwisha kuliuza kwa mfanyabiashara wa Muze, na jina la mfanyabiashara hakulijua. Siku ya mnada uliofuata mwenyekiti alikwenda na askari. Pikapu haikuja. Kila mmoja alikumbuka kikombe kilichogeuzwa, na hakuna aliyekumbuka namba ya gari.

Clemens aliruhusiwa. Alipita mbele ya uwanja wa Dominika akisindikizwa na kaka yake, mikono yake ikitetemeka, na Dominika alipotoka kumpa pole alijibu, "Tumshukuru Mungu," bila kusimama. Madaktari walisema huenda mtetemeko utaisha. Mabenchi yalibaki matupu. Mtungi mmoja ulikuwa salama, kila mtu alijua hivyo, na hakuna aliyekuja kunywa.

Hata hivyo Dominika alijiambia kwamba walau Hilaria amenusurika. Akatia ulezi kwenye kikapu, akashuka mtaa wa chini.

Alimkuta nje, anafunga mitungi yake kwa nyasi ndani ya gunia. Godoro lilikuwa limekunjwa mlangoni. Dirisha lilizibwa kwa boksi.

"Hodi, Mama Evans."

"Karibu." Hilaria hakuacha kufunga.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Muze."

"Lakini nimesema. Nimesema mbele ya watu wote, hukusikia?"

"Nilikuwapo nyuma. Ulisema vizuri." Alivuta kamba kwa meno, akaikaza. "Leo asubuhi nimekwenda bombani. Mama aliyekuwa mbele yangu aliponiona akafunika ndoo yake kwa kanga. Siku ya mkutano alikuwa mbele kabisa, alikupigia makofi."

Dominika aliweka kikapu chini. Maneno aliyokuja nayo yalikuwa ya kupokea shukrani kidogo. Aliyaona sasa, akaona aibu.

"Jumapili nilinyamaza kwa sababu kulinifaa," alisema. "Si kwamba sikujua."

"Najua. Nilikutafuta kwa macho, nikiwa barabarani. Ukaingia jikoni."

Upepo uliinua vumbi uani. Hilaria alisimama, akajinyoosha mgongo, akalitazama gunia kama anapima uzito wake.

"Wanasema pipa moja liko Muze," alisema.

"Ndiyo. Kwa mfanyabiashara, hatumjui jina."

"Nitaliulizia. Nitapita nyumba zinazopika." Alitabasamu, ila si kwa furaha. "Watanisikiliza, au watasema mchawi wa Milanzi ameshuka kuwakataza watu vyombo vyao. Habari hutangulia, Mama Sharon. Hata gari halijaondoka, zimeshafika."

"Nikusindikize. Nitawaambia mimi."

Hilaria alimtazama kwa mara ya kwanza tangu afike. Dominika alidhani atakataa, na hangemlaumu. Nyumbani Vitus alikuwa ameanza kuulizia kibarua mashambani. Kuondoka siku chache kungekuwa kumwongezea mzigo.

"Gari linaondoka saa hizi," Hilaria alisema. "Huna hata nguo ya kubadili."

"Ninalo sweta."

"Bonde ni joto kule. Umesahau?" Akasukuma gunia kwa mguu, upande wa Dominika. "Basi shika huko. Usiliburute, kuna mtungi."